Hifadhi Inamlisha Nani? Mvuvi wa Mafia na Mvuvi wa Bonde la Kilombero

Mhadhara uliotolewa Mang'ula mbele ya wavuvi, walimu, wanafunzi na viongozi wa vijiji

 

Nimeambiwa kwamba tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa, mzee mmoja alilisoma mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hifadhi za bahari? Mang'ula tuna bahari gani sisi?" Namshukuru mzee huyo, yumo humu au hayumo, maana amenipa pa kuanzia.

Bahari ya Mang'ula inaanzia mlimani. Maji yanayoporomoka pale Sanje, mita 170 toka juu hadi chini, hayaishii kwenye mashamba ya miwa wala majaruba ya mpunga. Maji ya Udzungwa mengine hushukia Mto Kilombero, mengine huenda Ruaha Mkuu, lakini yote hatima yake ni Rufiji. Kilombero inapokutana na Luwegu, pale kwenye maporomoko ya Shuguli, ndipo jina la Rufiji linapoanza. Wataalamu wa maji wanakadiria kwamba Kilombero peke yake inachangia kama asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji kwa mwaka. Ruaha Mkuu, unaoandikwa magazetini kila kiangazi, unachangia kama asilimia 15. Siku hizi maji hayo yanapita kwanza kwenye Bwawa la Julius Nyerere, yanashuka Utete, yanatawanyika katika delta yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, halafu yanaingia kwenye mkondo wa bahari ulio kati ya bara na Kisiwa cha Mafia.

Kamba wanaouzwa kwa bei mbaya kwenye hoteli za Dar es Salaam ni watoto wa maji hayo. Kamba mzima hutaga baharini. Vifaranga vyake huingia kwenye mikoko, hukulia kwenye maji ya chumvi yaliyochanganyika na maji baridi ya mto, kisha hurudi baharini vikiwa vimeshakua. Mwaka 2008 Serikali ilisimamisha meli zilizokuwa zikikokota nyavu za kamba kwenye pwani yetu, baada ya mavuno kuporomoka. Meli zilikuwa na makosa yao. Lakini mto nao ukipungua, au ukifika delta kwa wakati usio wake, hakuna marufuku ya meli itakayowarudisha kamba.

Ng'ambo ya mkondo huo, mbele ya Kilindoni, hukusanyika papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni uduvi na vijidudu vinavyoelea majini. Huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, na watafiti wamegundua kwamba baadhi yao hawaondoki Mafia mwaka mzima. Wanakula upande wa magharibi wa kisiwa, ule unaotazamana na mdomo wa Rufiji. Hifadhi ya bahari ya Mafia, kwa upande wake, iko kusini na mashariki. Waliochora mpaka walitazama matumbawe, na potwe walikuwa wanatazama uduvi. Kwa hiyo mnyama anayewaleta watalii wengi kisiwani anaishi nje ya mpaka wa hifadhi, bega kwa bega na wavuvi wa dagaa, na wavuvi hao ndio walinzi wake wa kweli, wapende wasipende.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuizungumzia bahari hapa. Sababu ya pili inawagusa zaidi. Mang'ula ni mji wa mpaka wa hifadhi. Ukitoka nyumbani asubuhi, upande mmoja una Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Upande wa pili, ukishuka Ifakara hadi mtoni, una bonde ambalo tangu mwaka 2002 ni eneo oevu la Ramsar, karibu kilomita za mraba 8,000. Sehemu yake kubwa ilikuwa pori tengefu tangu enzi za Mwingereza, na mwaka 2023 ikapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Kwa hiyo ugomvi wa mvuvi na mpaka, ambao Mafia wameuishi kwa miaka thelathini, sasa umehamia kwenu. Nadhani ni busara kusikia wenzetu walifika wapi kabla ya kuanza kuurudia upya.

Tuanze na sheria. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ni Namba 29 ya mwaka 1994. Mwaka uliofuata, 1995, Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822. Zilifuata Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na ile ya Tanga mwaka 2009, iliyotengwa kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na wanyama wa zama za kale mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hizo mbili nitaziacha. Mafia inatutosha.

Udzungwa ilipotangazwa, mpaka wake ulikuwa na maana moja: ndani ni miti na wanyama, nje ni watu. Mafia jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu watu wa Chole, Juani na Jibondo wako katikati ya hifadhi, na Utende ndiyo mlango wake. Ndiyo maana sheria ile ya 1994 ikaandika maneno ambayo hayamo kwenye sheria ya hifadhi za nchi kavu: kwamba wanavijiji washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kusimamia, wagawiwe faida, na wapewe kipaumbele katika kutumia rasilimali. Utekelezaji haujawahi kuyafikia maneno hayo, lakini hilo ni la sheria nyingi. Angalau mwanakijiji wa Mafia anapogombana na hifadhi ana maandishi ya kushika mkononi.

Maji ya hifadhi ile yamegawanywa sehemu tatu. Kuna maeneo ya msingi, ambako havui mtu. Kuna maeneo ya matumizi maalumu, ambako mwenyeji anavua kwa zana zilizoruhusiwa lakini mgeni wa dago, anayekuja kupiga kambi ya uvuvi, haruhusiwi. Na kuna maeneo ya matumizi ya jumla, ambako mwenye kibali anaingia. Wageni wanaotembelea Mafia husifu lile la kwanza, lenye samaki wengi wa kupigwa picha. Mimi nalisifu la pili. Ukimwambia mvuvi "usivue hapa" na ukaishia hapo, umemnyang'anya. Ukimwambia "hapa utavua wewe na wanao kwa mshipi na dema, na yule mwenye kokoro kutoka mbali hatakanyaga", umempa kitu cha kulinda, na atakilinda hata usiku ambao boti ya doria haina mafuta.

Tena watu wengi wa Mafia mwanzoni waliitaka hifadhi wenyewe. Waliitaka kwa sababu ya baruti. Wapo humu ambao hawajawahi kuona uvuvi wa baruti, niueleze kidogo. Mtu hujaza mlipuko kwenye chupa, huwasha utambi, hutupa katikati ya kundi la samaki. Maji yanaruka juu kama nyumba. Samaki wanapasuka vibofu vya hewa. Wachache huelea, wengi huzama, na mpiga baruti haokoti waliozama. Chini, matumbawe yaliyokua kwa miongo mingi yanabaki kifusi. Kifusi hicho kinabingirishwa na mawimbi kila siku, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya jiwe linalobingirika. Ndiyo maana mahali palipopigwa baruti miaka ya 1970 panaweza kuwa jangwa hadi leo. Wapigaji wengi walitoka mbali na kisiwa, wakivua na kuondoka. Hifadhi iliyoahidi kuwafukuza watu hao ilikaribishwa kwa mikono miwili.

Ugomvi ulianza pale hifadhi, baada ya baruti, ilipogeukia zana za wenyeji: kokoro, kigumi cha kuwatimua samaki mwambani, nyavu za macho madogo. Jibondo ndio waliokuwa wagumu kuliko wote, na ukikitazama kisiwa chao utawaelewa. Ni kisiwa cha mawe, udongo wake haba, watu wake mafundi wa mashua na wavuvi baba kwa mwana. Mtu wa kisiwa kikubwa akizuiwa kuvua ana minazi na mihogo. Mtu wa Jibondo akizuiwa kuvua, anabaki na jiwe. Mafia walijaribu kubadilishana zana: lete wavu wa macho madogo, chukua wa macho makubwa. Wazo zuri, lakini wavu wa macho makubwa unataka maji marefu, na maji marefu yanataka chombo. Kijana aliyekuwa akivuta kokoro ufukweni kwa miguu yake hana chombo. Kila ninaposikia mradi wa kubadilisha zana, huuliza kwanza kama yule anayebadilishiwa ana mtumbwi.

Sasa nisieleweke kwamba nawatetea wavuvi dhidi ya hifadhi. Eneo la kutovua lina kazi yake, na kazi hiyo imepimwa. Samaki wengi kadiri jike anavyokua ndivyo anavyotaga zaidi, tena si kidogo kidogo. Mfano unaofundishwa sana ni wa aina moja ya changu mwekundu wa Marekani: jike mmoja wa sentimita 61 anataga mayai mengi kama majike 212 wa sentimita 42. Yaani mama mmoja mkubwa uliyemwacha mwambani anazaa kuliko ndoo nzima ya wadogo. Mkulima wa bonde hili hahitaji kuelezwa sana. Anajua suke lipi la mpunga halipelekwi mashineni. Lakini baharini samaki mkubwa ndiye anayetangulia kuvuliwa, kwa sababu ana bei, na bila mahali asipofikiwa hakuna anayezeeka.

Kwenye pwani ya Kenya, ambako hifadhi za Malindi na Watamu zilianza mwaka 1968, mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamehesabu samaki kwa miongo kadhaa. Katika hifadhi ya Mombasa waliona samaki wakitoka ndani kwenda nje, na waliona pia kwamba wavuvi hawakusubiri waambiwe na mtafiti: madema yao yalikuwa yamejipanga kando ya mpaka. Mvuvi haweki mtego wake mahali kwa ajili ya siasa. Akiweka mpakani, ujue mpaka unamlisha.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Sisi tunapima hifadhi kwa ukubwa wa eneo lililofungwa, au kwa idadi ya watuhumiwa waliokamatwa. Kipimo cha haki ni kingine: je, aliyeko nje ya mpaka anapata samaki zaidi kuliko kabla ya mpaka kuwekwa? Kama ndiyo, hifadhi ile itadumu hata serikali zikibadilika. Kama sivyo, hata ikiwa na matumbawe mazuri kama bustani, imejengwa juu ya njaa ya mtu, na mtu mwenye njaa anajua njia za usiku kuliko askari. Najua wenzangu wa uhifadhi watasema kwamba viumbe vina haki ya kuwepo hata kama havimlishi mtu. Nakubali, kwa chura wa Kihansi na kwa mbega mwekundu wa hapo mlimani. Kwa mto na bahari ambako watu wanakula kila siku, hoja hiyo haitoshi.

Tena hifadhi haizuii kila kitu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya Mafia yalipauka na kufa kwa wingi, ya ndani ya hifadhi na ya nje. Joto halina kibali wala haliombi.

Kuna somo la pili, nalo ni la tarehe. Pweza wa pwani yetu ana maisha mafupi, mwaka mmoja na kitu. Anakua upesi mno, jike hutaga mara moja tu, analinda mayai yake bila kula, kisha anakufa. Kwa sababu hiyo, ukifunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu, utakaowakuta ukifungua ni pweza wakubwa waliokwisha kuongezeka uzito mara kadhaa. Ujuzi huu ulifanyiwa majaribio Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004, na baadaye ukafika kwetu: Kisiwa Panza kule Pemba, Songosongo kule Kilwa. Wanaofaidika sana ni akina mama, kwa sababu pweza huvuliwa kwa miguu maji ya bamvua yanapokauka, kwa fimbo yenye ncha ya chuma, bila chombo wala wavu. Kasoro ipo: siku ya kufungua, wanakuja hata wasiowahi kulinda, na kwa siku mbili wanamaliza walichowekewa wenyeji kwa miezi mitatu. Vijiji vilivyofanikiwa ni vile vilivyoamua mapema nani anaingia siku ile na kwa zamu gani.

Lakini angalieni jambo moja. Kijiji kinakubali kufunga mwamba wake kwa sababu kinajua utafunguliwa lini. Ziwa Tanganyika lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, Kigoma walilalamika sana kuhusu bei ya migebuka na dagaa. Walivumilia hata hivyo, kwa sababu kila mtu alijua tarehe 15 Agosti itafika. Si kila samaki anafaa kwa msimu: chewa wa mwambani hawezi kusaidiwa na miezi mitatu. Anahitaji miaka, kwa hiyo yeye anataka eneo la kudumu. Pweza, dagaa na, kama nitakavyoonyesha, kambale wenu, wanasaidiwa na msimu. Anayefunga kila kitu milele kwa sababu ya samaki mmoja hajafanya hesabu yake vizuri.

Wavuvi wa Kilombero, sasa nakuja kwenu.

Mnajua mambo haya kuliko mimi, lakini acheni niyaseme kwa ajili ya wanafunzi. Bonde likifurika kwa mvua za Machi na Aprili, mto unatoka kitandani mwake na kulala juu ya majani. Usiku wa mafuriko ya kwanza kambale hutoka mtoni na kuingia kwenye maji machache, juu ya nyasi zilizofunikwa jana, na kutaga humo. Mayai yanashika kwenye majani, na baada ya siku moja au zaidi kidogo yanaanguliwa. Mama hasubiri, ameshaondoka. Perege hufanya kinyume chake. Dume anachimba shimo mchangani, jike anataga, kisha anayakusanya mayai yote kinywani na kukaa nayo humo bila kula vizuri mpaka yaanguliwe, na vifaranga vikitishwa vinakimbilia tena kinywani mwa mama. Ukimnasa perege wa namna hiyo, mwangalie mdomo kabla ya kumtupa kwenye kikapu. Atatema kizazi kizima kwenye sakafu ya mtumbwi.

Kwa hiyo bonde lina nyakati mbili za hatari. Ya kwanza ni samaki wanapoingia nyasini kutaga. Ya pili ni maji yanapokauka, kuanzia Juni, samaki wachanga wanaporudi mtoni kwa mifereji. Mwenye uzio wa matete na wavu wa macho madogo akiuziba mfereji huo kwa wiki mbili, amevua masika yote ya mwaka ule. Migono na uzio ni ufundi wa kale wa Wandamba, na si ufundi mbaya; ubaya ni kutoacha mwanya.

Na sasa chandarua. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni habari ya kwetu. Mwaka 1956 Waswisi walifungua maabara ndogo Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi hiyo iliendesha mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2001: watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 27. Ushahidi huo wa bonde letu umesaidia kuokoa watoto wa bara zima. Vyandarua vilevile, vikishonwa viwili viwili na kufungwa mawe chini, vinakokota kila kitu chenye urefu wa kidole. Nimeona ndoo ya samaki wa namna hiyo, wametandazwa kwenye turubai kukaushwa. Ukiinama kuwatazama, huwezi kujua yupi perege na yupi kambale, wamekaa kama makapi yenye macho.

Aliyevuta chandarua kile ni nani? Mara nyingi ni mama au kijana asiye na mtumbwi, asiye na mtaji wa wavu halali, na mwenye mboga ya kutafuta jioni ileile. Kumpiga faini ni rahisi. Lakini wavu halali ukiuzwa bei ya magunia kadhaa ya mpunga, na chandarua kikitolewa bure kliniki, tusishangae sana.

Sisemi wavuvi ni malaika. Wapo wanaotumia sumu, na mliopo humu mnawajua kwa majina. Sumu ikitiwa kwenye bwawa inaua samaki wa miaka mitano ijayo, na pengine anayekunywa chini yake. Kwa mtu huyo sina maneno ya kumtetea, na kijiji kinachomficha hakina haki ya kulalamikia askari.

Ila tuulize pia nani mwingine anayetumia bonde hili. Nyasi ambazo kambale anatagia zinalimwa mpunga mwaka hadi mwaka, karibu zaidi na mto. Mifugo iliingia kwa maelfu, na mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali ikaendesha operesheni ya kuiondoa, iliyoacha machungu hadi leo. Umwagiliaji unachukua maji kiangazi, na bwawa lililo chini yetu linaupangia mto ratiba mpya kabla haujafika delta. Katika wote hao, mvuvi ndiye mwepesi kukamatwa: mtumbwi hauna mwanasheria, na samaki wake wanaonekana. Nikimwona askari amechoma nyavu mtoni huku shamba jipya likikatwa kwenye matete nyuma yake, najua samaki hawatarudi.

Pori la akiba limeleta swali la moja kwa moja. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, kuingia kwenye pori la akiba bila kibali cha maandishi ni kosa. Kwa mkataba wa Ramsar, uliosainiwa mwaka 1971 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, ardhi oevu inatakiwa itumiwe kwa busara, na uvuvi wa wenyeji ni matumizi. Bonde moja limevaa kofia zote mbili. Kofia ya kwanza ikivutwa mpaka ifunike macho, tutakuwa na bonde la sheshe na viboko lisilo na mvuvi hata mmoja, na pembeni yake soko la Ifakara linalokula samaki wa kufuga na dagaa kutoka mbali. Mimi siitaki picha hiyo, na nina hakika hata Mamlaka ya Wanyamapori haiihitaji.

Wazee wa Mang'ula wanajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Hifadhi ya Udzungwa ilipoanza, akina mama waliruhusiwa kuingia siku maalumu za juma kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Majiko banifu yalikuja, upandaji miti ulikuja, na sababu za hifadhi zilikuwa za kweli, maana kuni kavu zilikuwa zikigeuka mbichi. Lakini muulizeni mama yeyote hapa kama kilichokuja kilikuja kabla ya kufungwa au baada yake. Hapo ndipo penye kidonda. Mbadala unaofika mwaka wa tatu unamkuta mtu ameshajifunza kuiba.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa bonde ni la Mafia, lililorekebishwa. Mabwawa machache ya kudumu, yale yanayobaki na maji hata Novemba na ambako samaki wazazi hujificha, yafungwe kabisa, na yawe madogo kiasi cha kulindika. Mifereji ya kuingilia na kutokea samaki isizibwe kwa muda unaojulikana, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha iliyobandikwa kwenye kila ofisi ya kijiji. Kwingineko mwenyeji mwenye leseni avue, kwa ndoana, mgono wenye mwanya na wavu halali, na kibali chake kitoke kijijini kupitia kikundi cha usimamizi wa uvuvi, siyo kwa kusafiri hadi mkoani kutafuta sahihi. Na walinzi wawe wavuvi. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho mwamba wake umefungwa tangu mwaka 1994, kinalindwa na watu waliokuwa wavuvi, hawabebi bunduki, na mwamba ule ni miongoni mwa iliyotunzwa vizuri kuliko yote katika pwani hii. Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, wavuvi wenyewe walifunga hekta kama 30 za bahari yao mwaka 2005, hakuna waziri aliyewaambia.

Gharama ya hayo ni ndogo kuliko ya boti za doria. Kinachohitajika zaidi ni mamlaka kukubali kwamba ramani ichorwe na mtu anayejua jina la kila bwawa.

Nawaomba basi Mamlaka ya Wanyamapori, halmashauri na maofisa uvuvi wa wilaya za bonde hili waitishe mkutano na vijiji vya mtoni kabla mvua za Machi hazijaanza, na waje wakiwa na ramani isiyojazwa. Nanyi wavuvi, mkiitwa, msiende na malalamiko peke yake. Nendeni na majina ya mabwawa ya mazalia, mwezi ambao kila moja hukauka, na majina ya wanaotia sumu. Mkifika mikono mitupu, ramani itachorwa bila ninyi, na safari ijayo mtaisoma kwenye hati ya mashtaka.